Vizibo Sita

Timu ya kikapu ya wasichana wa chuo ilikuwa imefungwa mechi tisa mfululizo, kwa hiyo mkuu wa chuo alipotokea uwanjani na kijana mwenye filimbi mpya shingoni, Kocha Mwanaidi hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameinamia benchi, akiwaonyesha wachezaji pa kusimama kwa vizibo vya soda, kama alivyofanya kwa miaka kumi na minne.

"Malizia tu, mwalimu," mkuu alisema, macho yake yakiwa chini.

Akamalizia. Alingoja uchungu uje, haukuja. Alichosikia ni kiu tu.

Wachezaji walipotawanyika, kocha mpya alichuchumaa mbele ya benchi.

"Shikamoo, mama. Hiki kilichopinda ni nani?"

"Marahaba. Huyo Sikudhani. Goti lake la kushoto bovu, ila mwenyewe hatakwambia. Siku za baridi usimkimbize."

"Na hiki chenye kutu?"

"Tabu. Ukimfokea mbele za watu, mikono inamtetemeka. Mwite pembeni."

Akamweleza vyote vitano, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kikabaki kimoja, ukingoni kabisa mwa benchi.

"Na huyu?"

"Huyo ni kocha."

Alichukua mkoba wake, akaaga. Alipofika getini aligeuka mara moja tu. Yule kijana alikuwa bado amekishika kile kizibo cha sita, hajui akiweke wapi.