Malalamiko Dhidi ya Namba Kumi na Nne

Beryl alinunua soseji, mkate na pakiti ya sigara kwanza, ndipo akaenda kumshtaki mtu. Akichelewa kurudi, mkoba ungemsemea kwamba alikuwa sokoni.

Mshtakiwa mwenyewe alikuwa Lee Hartle wa namba kumi na nne, Mtaa wa Larch. Pandikizi la mtu, miaka arobaini na ushei, ambaye akikohoa tu, mbwa wa mtaa mzima huingia uvunguni. Kwake muziki hauzimwi, matusi hayana mchana wala usiku, na wageni wake hawabishi hodi. Hupiga mlango teke.

Beryl alikwisha kulipigia baraza la mji simu mara tatu, kutoka maktaba, akinong'ona kama mtu anayeungama. Mara zote tatu malalamiko yalifungwa. Ndipo mama wa maktaba alipomtonya kwamba mwananchi akipuuzwa hivyo ana haki ya kudai mapitio rasmi: wakubwa waketi, waulizane kesi yake waliishughulikia vipi. Hiyo ndiyo kete yake ya mwisho. Nyingine hakuwa nayo.

"Bi Ollerenshaw?"

Ofisini kwa baraza, mwenyekiti wa mapitio, Bwana Naylor, ilibidi amwite mara mbili. Jina lile la baba yake lilikuwa limekaa kabatini miaka mingi, na Beryl alikuwa hajazoea kulivaa tena.

"Karibu, mama. Vua shali, humu ndani joto la kuokea mikate."

"Niache nayo tu, baba."

Akamiminiwa chai ya maziwa. Alipotafuta leso mkobani, pakiti ya sigara ikadondoka sakafuni. Bwana Naylor akainama kuiokota.

"Ukitaka kuvuta ni kule nje, mama. Usijali, hata mimi huchungulia huko."

"Mimi sivuti."

Bwana Naylor akamrudishia pakiti, akakoroga chai yake. "Haya, tuambie. Huyu Lee anafanya nini hasa?"

"Juzi kavunja sahani. Zile za maua ya buluu. Kazitupa ukutani moja moja."

"Ukazisikia?"

"Mpaka ya mwisho."

"Nyumba zile!" Bwana Naylor akatikisa kichwa. "Aliyezijenga alitumia maboksi ya biskuti. Jirani akipiga chafya, wewe unafuta pua. Na unakaa mbali naye?"

"Hakuna aliye karibu naye kunishinda."

"Unamwogopa?"

Beryl akatazama kikombe. Akasema kwamba analala na kiti amekiegemeza kwenye mlango wa chumbani. Siku hizi hata kiti hakiamini, ameongezea na sanduku la cherehani.

Kijiko cha Bwana Naylor kikasita.

"Mkimtoa pale," Beryl akauliza, "atalala wapi?"

"Mama wewe! Mtu anakukosesha usingizi, nawe unamtafutia kitanda?"

"Nje kuna baridi."

"Una roho ya malaika, Bi Ollerenshaw. Sasa na mimi nikwambie ukweli." Akasogeza kiti mbele. "Si kwamba tulilala. Afisa wetu Janice alikwenda kila ulipopiga simu. Anayefungua mlango ni mwenye nyumba, mama yake Lee. Anatabasamu mpaka masikioni. Anasema hapa kwangu kimya, labda mmekosea nyumba. Sasa mama akiamua kumficha mwanawe, baraza litafanya nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Vidole vya Beryl vilikuwa vinasokota ncha ya shali.

"Alizungumza naye wapi?"

"Wapi tena? Mlangoni."

"Hakumwambia watoke nje? Wasogee hata pale kwenye geti?"

"Mvua, mama. Mvua ya mji huu huijui?"

Nani asiyeijua. Huingia Septemba bila kubisha, na Mei inapoaga husahau mwavuli wake ili ipate sababu ya kurudi.

"Angelowa," alisema Beryl, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Basi! Angelowa. Asingeyeyuka. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwomba atoke nje. Hilo ndilo ninalotaka mlipitie. Sina jingine."

Bwana Naylor akajikuna kidevu. Pengine alitaka kusema kwamba kulowesha kizee cha watu si kazi ya baraza. Lakini uso wa yule mama ulimzuia. Akainuka, akafungua mlango, akaita ukumbini:

"Janice! Hebu njoo mara moja. Tuna swali la namba kumi na nne."

Janice akaingia na biskuti mkononi, kijana mchangamfu, viatu bado vinachuruzika maji. Alipomwona aliyeketi mezani, uso ukamkunjuka kwa furaha.

"Aa, Bibi Hartle! Kumbe nawe wamekuita? Afadhali. Hebu mwambie mwenyewe bwana mkubwa ulivyoniambia pale mlangoni."

Bwana Naylor akageuka kumtazama Beryl.

Beryl akaanza kuifungua shali yake, taratibu, mzunguko kwa mzunguko.

"Nilikwambia kwangu ni kimya, mwanangu," alisema. "Naye Lee alikuwa nyuma ya mlango, ameishika hii kwa nyuma, anaivuta."