Mpwa wa Trizah

Msichana aliyekuwa akikimbia vitoa machozi alijitupa nyuma ya meza ya samaki ya Trizah, sokoni Homa Bay. Asubuhi Trizah alikuwa amemsikia kwenye maandamano, akieleza jinsi bomba la mafuta ghafi lilivyopitishwa katika shamba la baba yake, kule Uganda.

Trizah alimfunga leso kiunoni haraka, akamtia kisu na samaki aina ya ngege mikononi.

"Para magamba. Usifungue mdomo, wakisikia unavyoongea watajua umetoka nje ya nchi."

Msichana akaanza kupara. Kisu kikateleza, damu ikatiririka juu ya samaki.

Askari wawili wakasimama mbele ya meza. Mmoja aliikazia macho ile mikono yenye damu.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wa dada yangu, afande." Trizah alijibu. Kwenye meza za jirani, akina mama waliacha kupara.

"Anaitwa nani?"

Trizah hakuwa amemuuliza.

"Trizah. Alipewa jina langu."

Askari akainama, uso wake karibu na wa msichana.

"Trizah," akaita polepole.

Msichana akainua kichwa.