Kopo la Ndengu

Hapa Kitui hakuna anayejua mvua kunishinda, ingawa mwaka jana nilikosea mara tatu, na misimu ni miwili. Siku hizi tunapanda kwa amri ya bahari. Kipimo tulichowekewa na serikali ukutani kikionyesha maji ya huko yamepoa, mvua haitatosha, kwa hiyo mbegu za ndengu zibaki koponi. Mkaguzi akija, asiye nazo hukatiwa maji ya bomba.

Msimu huu yamepoa, lakini mimi nilizipanda juzi, maana goti liliuma kama linavyouma mvua ikikaribia. Tangu hapo natoka nje kila saa kutafuta wingu.

Leo mkaguzi Munyao kaja.

"Nyanya, mbegu zipo?"

"Zipo zote, mjukuu wangu."

Akafungua kopo. "Mbona hizi ni changarawe?"

"Ni ndengu za aina mpya. Hazitaki mvua nyingi."

Akaniwekea mbili kiganjani.

"Basi zitafune, nyanya. Nasubiri."