Vitone Vitatu

Niliichomoa kamshafti, ile fimbo ya chuma inayofungua valvu, nikaifuta oili nchani nikione kitone changu.

Kwenye gereji ya baba, fundi aliyechagua kamshafti huigonga alama ya vitone kwa panchi. Baba vitone vitatu, kaka viwili, mimi kimoja.

Injini hii ya silinda nane ndiyo iliyonifukuzisha. Ilifungwa kamshafti kali, ikanguruma mtaa mzima ukatoka nje, kisha gari likakataliwa kwenye kipimo cha moshi. Mteja akalitelekeza.

"Binti yangu ndiye aliyechagua. Anapenda kelele," baba alimwambia mbele ya mafundi wote, wakacheka.

Sikubisha. Wiki ile nilikuwa nimefunga kamshafti tatu, nikaamini nimechanganya. Miaka minne nimeamini hivyo.

Sasa baba amepata mnunuzi wa gari, kaka ameacha kazi, na injini imeletwa kwenye gereji yangu. Baba alikaa kwenye benchi, suruali imepigwa pasi.

"Safari hii chagua ile tulivu, mwanangu," alisema. "Ipite kipimo. Usiniaibishe tena."

Nilifuta ncha mara ya pili. Vitone vilikuwa vitatu, vimejipanga vizuri, kazi ya mkono usio na haraka.

Nikamlazia ile kamshafti mapajani, na oili yake.

"Nihesabie vitone, baba. Kwa sauti, mafundi wangu wasikie."

Hakuitazama. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshaifunika ncha.