Kengele ya Wanaotoka Mbali

Ukumbini viliwekwa viti mia moja, na aliyekuja ni Bi Sikudhani peke yake, mgonga kengele wa shule ya msingi. Siku hiyo baraza la mji lilitaka kumega nusu ya fungu la fedha za shule likajengee uwanja wa maonyesho.

"Kuna pingamizi?" aliuliza mwenyekiti, akitazama saa yake.

"Lipo. Langu."

"Mama yangu, kanuni inataka watu kumi."

"Wenzangu wako njiani."

Mwenyekiti alitazama mlango mtupu, akacheka kidogo. "Haya, nakwenda kunywa chai. Nikirudi, nafunga kikao."

Hakukuwa na mtu yeyote njiani. Bi Sikudhani alivuka barabara, akaingia shuleni, ambako likizo ilikuwa imeacha kimya kizito, akashika chuma na kuigonga rimu ya lori iliyoning'inia kibarazani, ambayo ndiyo kengele ya shule. Hakugonga kwa pupa. Aligonga polepole, kama alivyozoea kuwagongea watoto wanaotoka mbali, wajue bado wanasubiriwa, wasije wakageuka njiani na kurudi.

Ng'ambo ya barabara dirisha la nyumba moja lilifunguka. Hakuchungulia mtu.

Akahamishia chuma mkono wa pili, akagonga tena.