Mvue Wewe

Siku ya tatu ya mafuriko, wodi ilibakiwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni, nao alikuwa akiutumia Bi Mkasi, ajuza wa miaka sabini. Kwenye kitanda cha pili, mwalimu kijana alikuwa akihema kwa shida.

Bwana Lugendo, afisa wa maafa wa mkoa, akafungua mwongozo wake wa nani apewe kwanza vifaa vikipungua. "Mhamishieni kijana mtungi. Ndivyo tulivyopanga."

"Mlipanga nani akose!" muuguzi Mwanaidi akafoka. "Mitungi mbona hamkupanga? Mwaka mzima tumeomba!"

"Sista, fuata mwongozo."

Mwanaidi akamkamata mkono, akamburura hadi kitandani kwa Bi Mkasi, akaubandika juu ya barakoa yake ya oksijeni. "Mvue wewe."

Bi Mkasi akafumbua macho, akamtazama. Mkono wa Bwana Lugendo ukaganda palepale. Nyuma yao, mwalimu akazidi kuhema.