Sahani za Kumzungushia Amihan

Baada ya miaka ishirini ya kuwa Mkanada, Ligaya alikula kiapo asubuhi akawa Mfilipino tena, ili amtunze mama yake uzeeni. Nyumba yao ya Iloilo ilifurika majirani, waliokuja kwa ajili ya tambi na kumchungulia Amihan, aliyeshika nafasi yake. Maana sheria ilikuwa hiyo: raia akihama, serikali humpa mwingine nafasi yake, kitanda chake, hata mama yake. Mwenyewe akirudi, yule hupisha siku hiyohiyo.

"Kamuuguza mama wa watu, leo anafungashwa kama gunia!" shangazi alinong'ona, mtaa mzima ukasikia.

Tambi hazijaisha, gari la serikali likapiga honi. Amihan akainuka. Papo hapo wote wakazungusha sahani zao, kama ilivyo desturi yao mtu akiondoka wenzake wangali wanakula, ili afike salama. Ligaya tu hakugusa yake.

"Zungusha, mwanangu," mama alisema bila kumtazama. "Wewe tulikuzungushia."

Ligaya akazungusha. Alipoinua macho, mama alikuwa mlangoni na mkoba wake, kamshika Amihan mkono, na sahani zilikuwa zinazunguka tena.